Laptopu ya Shule na ya Gemu: Anza na Kazi, Usianze na Mashine

Msimu wa ufuta ukiisha, pesa huingia nyumbani. Pesa ikiingia, mahitaji nayo hupiga hodi. Kuna bati la kuezekea, kuna sare za watoto, kuna salfa ya mikorosho. Siku hizi yuko mgeni mpya anayepiga hodi pamoja na hayo. Mgeni huyo ni laptopu.

Laptopu ni kompyuta inayokunjwa kama kitabu. Wataalamu wa lugha huiita kompyuta mpakato, maana unaweza kuipakata mapajani. Vijana wetu wanaokwenda chuo wanaihitaji kwa masomo. Lakini wengi wanaitaka pia kwa michezo ya kompyuta, ambayo wenyewe huiita gemu. Je, mzazi afanye nini? Akatae? Akubali kila kitu? Au atafute mashine moja inayotosha kazi zote mbili kwa bei anayoiweza?

MAMA NA KARATASI

Mama mmoja wa Chinongwe alinijia na karatasi mkononi. Mama huyu alijifunza kusoma katika darasa letu la watu wazima. Mwanawe wa kiume alikuwa amepata nafasi ya kusoma uhasibu chuoni.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Nisomee hapa. Herufi nazisoma zote, lakini maana yake siipati."

Karatasi ilikuwa imeandikwa na kijana wake hivi: Laptopu ya gemu. Core i7. RAM 16. GTX.

"Hilo gemu ni somo la chuo?" aliuliza.

"Hapana mama. Gemu ni mchezo."

Mama akacheka. Kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Yaani ufuta wangu wote niubebe mjini nikanunue mchezo?"

Nilimwomba asikasirike kwanza. Gemu si uhalifu. Kijana akimaliza kazi zake anahitaji kupumzika, kama sisi tunavyocheza bao. Tena mtu anayecheza kwenye kompyuta huacha kuiogopa. Hatari iko kwenye kununua mashine bila kujua itafanya kazi gani.

Tulichukua kalamu tukapiga hesabu. Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu. Tuseme kilo moja ya ufuta imeuzwa mnadani kwa shilingi 3,000. Laptopu ya shilingi 600,000 ni sawa na kilo 200 za ufuta. Laptopu ya shilingi 2,100,000 ni sawa na kilo 700. Tofauti yake ni kilo 500. Hebu fikiri: kilo 500 za ufuta ni palizi ngapi? Ni migongo mingapi iliyouma?

TUMEKWISHA KUONA HASARA YA NAMNA HII

Wazee wetu wa Nachingwea wanaijua habari ya karanga. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zililetwa trekta na mashine nyingi, nyingine zikiwa zimetumika vitani. Ardhi na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mashine nyingi ziliharibika upesi, na mavuno yakawa madogo. Ilijengwa hata reli ya kufika Nachingwea ili ibebe karanga. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, baada ya kutumia zaidi ya pauni milioni 30. Baadaye hata reli yenyewe iling'olewa.

Kompyuta nazo zimewahi kututia hasara. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilizuia watu kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Gharama zilikuwa zimekuwa kubwa, na kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwa kompyuta ilikuwa imeshindikana.

Fundisho ni moja tu. Anayeanza na mashine, kisha ndipo atafute kazi ya kuipa, hupata hasara. Anayeanza na kazi hujua mashine ya kutafuta.

Nami pia nimepata hasara ya namna hiyo. Niliwahi kununua laptopu iliyotumika katika duka moja la mjini. Nje ilikuwa na kibandiko kilichoandikwa i7. Sikuangalia ndani. Niliporudi kazini rafiki yangu aliifungua na kusoma. Ndani ilikuwa i3 ya zamani sana. Niliirudisha dukani, nikaambiwa nionyeshe risiti. Sikuwa nayo. Akiba yangu ya miezi mingi ilikwenda hivyo. Mwalimu wa kusoma alishindwa kwa sababu hakusoma!

KAZI NI ZIPI?

Mimi na mama tulimpigia kijana simu. Tulimwuliza maswali matatu.

La kwanza: Chuoni utafanya nini na laptopu? Alijibu: kuandika kazi za masomo, kupiga hesabu kwenye majedwali, kusoma vitabu vya kwenye kompyuta, na kutafuta habari kwenye intaneti. Kazi zote hizo ni nyepesi. Hazihitaji mashine ya bei kubwa.

La pili: Unataka gemu gani? Hili ni swali kubwa, maana gemu hazilingani. Ni kama mizigo. Baiskeli hubeba debe la mahindi, lakini haibebi tofali 200.

La tatu: Likizo ukirudi nyumbani, utaichaji wapi? Nyumba ya mama huyu inatumia umeme wa jua.

MANENO MANNE YA KUSOMA

Wauzaji hutaja maneno mengi. Wewe shika manne tu.

1. Prosesa. Huu ni ubongo wa mashine. Aina zilizoenea ni Intel Core na AMD Ryzen. Watu wengi husoma i3, i5 na i7 peke yake. Hiyo haitoshi. Soma namba inayofuata baada ya kistari, maana inaonyesha kizazi, yaani umri wa ubongo huo.

Tazama mfano huu. i7-3520M ni kizazi cha 3. Ilitoka mwaka 2012. i5-8250U ni kizazi cha 8. Ilitoka mwaka 2017. Ingawa 7 ni kubwa kuliko 5, hiyo i5 ina nguvu zaidi kuliko hiyo i7. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo. i5-10210U ni kizazi cha 10. i5-1135G7 ni kizazi cha 11.

Kwa nini umri una maana? Kompyuta nyingi huendeshwa na programu iitwayo Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Masasisho ni kama chanjo. Huziba matundu ambayo wezi wa mitandao hupitia. Iliyofuata ni Windows 11, nayo kwa kawaida hutaka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Kwa upande wa Ryzen, anzia namba za 3000, kama Ryzen 5 3500U. Chini ya hapo utanunua mashine ambayo wenyewe wameiacha.

2. RAM. Hii ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, huwezi kutandaza daftari, kitabu na rula pamoja. RAM hupimwa kwa GB. GB 4 ni meza ndogo, mashine itasuasua. GB 8 inatosha shule na gemu nyepesi. GB 16 ni nzuri zaidi kama pesa ipo. Muulize muuzaji kama RAM inaweza kuongezwa baadaye. Nyingine zimeshikizwa moja kwa moja, haziongezeki.

3. Diski. Hili ni ghala la kuhifadhia. Ziko za aina mbili, HDD na SSD. HDD ina sahani inayozunguka ndani, huenda polepole, na ikitikiswa sana huharibika. SSD haina kitu kinachozunguka, ina kasi, na huvumilia zaidi mitikisiko. Wewe unayesafiri kwa pikipiki kwenye barabara zetu, chagua SSD. GB 256 zinatosha kuanzia.

4. Picha. Gemu ni picha zinazokwenda mbio. Laptopu ya kawaida huchora picha kwa kutumia sehemu iliyo ndani ya prosesa. Utaona maneno kama Intel UHD, Iris Xe au Radeon. Laptopu ya gemu huwa na kadi ya picha ya peke yake. Utaona jina kama NVIDIA GeForce GTX au RTX. Kadi hiyo ndiyo inayopandisha bei, uzito, joto na matumizi ya umeme.

GEMU LIPI LINACHEZEKA?

Kijana wetu alitaka mpira wa miguu. Hiyo si ajabu. Mtu wa Ruangwa, nyumbani kwa Namungo, ataachaje mpira?

Lakini mpira wa kwenye kompyuta una matoleo mengi. Chukua EA Sports FC 24, lililotoka mwaka 2023. Watengenezaji wake wanataka angalau RAM ya GB 8, kadi ya picha ya peke yake, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Mbali na mashine, kuna bando. GB 100 za kupakua gemu moja si mchezo tena! Ukiweka gemu hilo kwenye diski ya GB 256, masomo yatabaki kwenye kona.

Sasa chukua FIFA 14, lililotoka mwaka 2013. Mpira ni uleule wa wachezaji kumi na mmoja. Gemu hilo huchezeka kwenye laptopu ya kawaida ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 8. Ziko nyingine nyepesi, kama Minecraft, gemu la kujenga kwa matofali. Ukipata yenye Iris Xe au Ryzen 5, itachora vizuri zaidi kuliko ile yenye UHD.

Angalizo: vijana hunakiliana gemu kwa flashi bila kulipia. Pamoja na gemu huingia virusi. Virusi wanaweza kuharibu kazi za chuo za mwaka mzima. Kijana anakili kazi zake mahali pengine kila wiki.

UMEME WA JUA UTATOSHA?

Hapa wengi hukosea. Hebu tupige hesabu.

Tuseme paneli yako ni ya wati 100, na jua kali linapatikana kwa saa 5. Wati 100 mara saa 5 ni 500. Sehemu hupotea njiani, kwenye betri na kwenye inveta. Tuseme unabakiwa na 350. Hicho ndicho chakula cha umeme cha siku nzima, pamoja na taa na simu.

Laptopu ya kawaida ikitumika kuandika hula kama wati 15. Ukiandika saa 4, umetumia 60. Utabakiwa na 290 kwa taa na simu. Hakuna shida.

Laptopu ya gemu ikichezewa gemu zito inaweza kula wati 150. Ukicheza saa 2, umetumia 300. Utabakiwa na 50. Nyumba italala gizani kwa sababu ya goli moja.

Soma pia chaja yake. Chaja ya laptopu ya kawaida huwa ya wati 45 au 65. Ya laptopu ya gemu huwa kubwa zaidi, nyingine hupita wati 180. Inveta yako lazima iwe na wati zaidi ya hizo. Ukiiunganisha kwenye inveta ndogo, haitachaji vizuri au inveta itajizima.

MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Kwa pesa ileile, mara nyingi utapewa kuchagua kati ya laptopu mpya ya hali ya chini na iliyotumika ya hali nzuri. Mpya za bei ndogo mara nyingi zina prosesa dhaifu na RAM ya GB 4. Dhamana zinayo, lakini hazina nguvu.

Zilizotumika nyingi zilikuwa za maofisi ya nje. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad ni baadhi yake. Zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku na vipuri vyake hupatikana. Ubaya wake ni betri iliyochoka, na udanganyifu wa vibandiko.

Jihadhari pia na laptopu ndogo ziitwazo Chromebook. Nyingi zilikuwa za shule za nje na zinauzwa kwa bei rahisi. Lakini hazitumii Windows, nyingi zina ghala dogo sana, na kila moja ina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho. Gemu za Windows hazitaingia kwa njia ya kawaida.

DUKANI FANYA HIVI

Usiache muuzaji akuharakishe. Pesa ni yako, na muda ni wako.

Kwanza, usiamini kibandiko cha nje. Mashine ikiwaka, bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na herufi R. Kisanduku kitatokea. Andika dxdiag kisha bonyeza Enter. Likitokea swali, bonyeza No. Utaona neno Processor. Hapo soma namba ya prosesa. Utaona neno Memory; hapo soma RAM. Ukikuta 8192MB, usishtuke. Gawa kwa 1024, utapata 8. Hizo ndizo GB 8. Bonyeza neno Display juu, utaona jina la sehemu ya picha.

Pili, bonyeza pamoja vitufe Ctrl, Shift na Esc. Chagua Performance, kisha Disk. Mashine yenyewe itakuandikia SSD au HDD.

Tatu, andika kwa kila kitufe cha kibodi, kuanzia A hadi Z na namba zote. Fungua ukurasa mweupe uone kama kioo kina madoa au mistari.

Nne, chomoa chaja. Tumia mashine kwa nusu saa na utazame asilimia ya betri. Ikishuka kutoka 100 hadi 80, umetumia 20 kwa nusu saa. Betri hiyo itakwenda kama saa mbili na nusu. Ikishuka hadi 40, betri imekwisha. Punguziwa bei au badilishiwa.

Tano, izime na kuiwasha tena. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache. Huenda imeibwa.

Sita, dai risiti ya mashine ya EFD. Risiti iandikwe jina la laptopu na namba yake. Dhamana, au gerenti kama wauzaji wanavyoiita, iandikwe ni ya siku ngapi. Maneno ya mdomo hupeperuka, maandishi hubaki.

MAMA ALIVYOFANYA

Mama alikwenda mjini na kijana wake. Aliniambia aliporudi: laptopu ya kwanza waliyoonyeshwa ilikuwa na kibandiko cha i7, inang'aa. Kijana aliipenda. Mama akavaa miwani yake, akamwambia, "Andika zile herufi za Mwalimu." Kijana akaandika dxdiag. Mama akafuata kwa kidole mstari wa Processor. Akasoma i7, kistari, halafu tatu.

"Hii ni kizazi cha tatu," alimwambia muuzaji. "Nipe ya nane au zaidi."

Muuzaji alimtazama. Kisha akatoa nyingine kutoka kabati la nyuma.

Walinunua laptopu iliyotumika: i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Haina GTX. Kijana alinung'unika njiani. Sikufichi, ndugu msomaji, hakupata lile gemu jipya alilolitaka. Lakini anacheza mpira wa toleo la zamani, na kazi zake za uhasibu anazifanya bila shida. Pesa iliyobaki imelipa chumba chake chuoni, na salfa ya mikorosho imepatikana.

Mama aliniambia neno ambalo nimelikumbuka hadi leo. "Mwalimu, zamani ningempa yule muuzaji pesa na kuamini mdomo wake. Safari hii nilisoma mwenyewe."

Ndugu msomaji, kusoma si kwa ajili ya barua na Biblia au Kurani peke yake. Namba moja baada ya kistari inaweza kuokoa jasho la msimu mzima. Kabla ya kununua, kaa na mwanao, andikeni kazi, andikeni pesa mliyo nayo, andikeni umeme mlio nao. Kisha ndipo mwende dukani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini i5 ya kizazi cha 8 inaweza kuwa bora kuliko i7 ya kizazi cha 3?

2. Laptopu imeonyesha Memory 4096MB. Hizo ni GB ngapi? Je, zinatosha?

3. Paneli yako ni ya wati 50 na jua kali ni la saa 5. Utapata kiasi gani kabla ya hicho kinachopotea? Je, utaweza kucheza gemu zito kwa saa 2?

4. Taja vitu vinavyotakiwa kuandikwa kwenye risiti yako.

5. Mzazi na kijana wafanye nini wasipokubaliana kuhusu gemu? Toa maoni yako.